Bendera ya Hodi

Kifuniko cha sufuria kiliniteleza jikoni kabla ya alfajiri, kikagonga jiwe la figa, kikazunguka sakafuni mpaka kikachoka chenyewe. Jua lilipochomoza nilikuwa nimeshakuwa mhalifu.

Nasema hivi bila kinyongo. Serikali yetu haimsahau mtu, inamfikia hata kama bado hajanawa uso. Bwana Mtengeti, Mkuu wa Ukimya wa tarafa yetu, aliingia uani akinyata kwa viatu vyake vya sufi, kipima sauti kikining'inia kiunoni pale ambapo wakuu wengine huweka bastola. Ni kijana mpole, mnene kidogo, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Kabla ya kunitajia kosa langu alikiokota kile kifuniko, akakipuliza majivu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Mama yake alimlea vizuri.

"Shikamoo Bibi," akaninong'oneza. "Kifuniko chako kimesikika mpaka kwenye kibanda cha mgeni."

"Marahaba, baba. Mgeni mwenyewe si hajafika?"

"Hajafika. Lakini kibanda kipo."

Akanipa soksi za kuvisha vifuniko, mali ya serikali, akanionyesha na namna ya kuvivisha bila kuvikunja. Alikuwa anataka kuondoka ndipo mjukuu wangu Siwatu akatokea mlangoni, mkono kiunoni, tumbo mbele. Bwana Mtengeti alilitazama lile tumbo kama mtu anavyoitazama saa ya kengele asiyojua imetegwa saa ngapi.

"Huyu wa lini, Bibi?"

"Wa siku yake ikifika."

"Bibi, unajua amri. Wajawazito waliokaribia na watoto wachanga wote wanahamia Kambi ya Sauti, ng'ambo ya milima, mpaka msimu wa wageni uishe. Lori litapita kuwachukua." Akashusha sauti zaidi, ingawa haikuwa na pa kushukia. "Mimi siipendi hii kazi. Ila nimeapishwa."

Siwatu akarudi ndani. Sikumlaumu. Mjukuu wangu huyu aliwahi kujifungulia juu ya lori, ule mwaka tuliohamishwa nyuma ya kilima wakati wageni hawakupenda kutuona. Mtoto alipumua kidogo, kisha akaacha. Tulimzika kando ya barabara, na dereva wa lori, Mungu ambariki, alizima injini mpaka tulipomaliza kufukia. Siku ile nilijiapiza kwamba wa pili atazaliwa kitandani kwangu, mikononi mwa mkunga wetu Bi Somoe, na hatapakiwa kwenye lori la mtu yeyote. Hilo ndilo lililoniuma msimu wote. Mengine nitakayosimulia yalikuwa burudani tu.

*

Huenda msomaji wa nchi nyingine asielewe ukimya umetokea wapi, kwa hiyo nieleze taratibu.

Nchi yetu haina dhahabu wala mafuta, ina wageni. Si wageni wa kawaida wa begi mgongoni, ambao serikali huwapita bila kuwasalimu, bali Wageni Waheshimiwa, watu wenye fedha hata za kuwachosha. Zamani hao walipenda vitu. Serikali ikawajengea hoteli yenye mabomba ya dhahabu, vitanda vinavyozunguka, na bwawa la kuogelea lililo ndani ya bwawa jingine. Ikaonekana kwamba mtu akiwa bwawani hapendi kuona wanawake wa kijiji chetu wakichota maji kwa ndoo, maana anaanza kufikiri. Ndiyo tukahamishwa nyuma ya kilima.

Baada ya muda wageni wakabadilika. Wakasema hoteli zote duniani zinafanana, wenyeji wako wapi? Tukarudishwa mbele ya kilima kwa haraka, tukaamriwa kuchangamka. Mwalimu aliletwa kutoka makao makuu kutufundisha ngoma ya asili ya kijiji chetu, kwa sababu ile tuliyokuwa nayo ilikuwa fupi. Tulicheza mpaka magoti yakavimba. Mwalimu yule alikuwa mtu mwema, alikuwa anatupaka dawa ya misuli kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha wakabadilika tena. Safari hii alikuja Mheshimiwa Waziri wa Wageni mwenyewe, akiwa ametoka mkutanoni ng'ambo. Alikuja kutupa habari za ukimya kwa spika zilizojaza lori zima.

"Ndugu wananchi," alinguruma, na kunguru wote wakaondoka mtini. "Mgeni wa kifahari wa jana alitaka dhahabu. Wa leo amechoka na dhahabu. Amechoka na nyama, amechoka na muziki, amechoka na taa. Wataalamu wamemchunguza kwa kina, wakagundua kwamba sasa anatamani kukosa. Nawauliza, ni taifa gani chini ya jua lenye uzoefu wa kukosa kulizidi letu?"

Tukapiga makofi, kwa kuwa ilikuwa sifa.

"Umeme hamna. Lami hamna. Maduka hamna. Kwa miaka mingi wapinzani wetu waliita hali hii uzembe. Leo ulimwengu mzima unaiita anasa. Hatukuchelewa kuwaletea maendeleo, ndugu zangu. Tulikuwa tunawahifadhi."

Wazee wengine walitokwa na machozi. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba tulikuwa tumehifadhiwa.

"Mna kitu kimoja tu kilichozidi," akaendelea, "nacho ni kelele. Bidhaa tunayouza sasa ni ukimya, na ukimya ukitobolewa hauzibwi. Kuanzia leo kijiji hiki ni Eneo la Ukimya la Daraja la Kwanza. Makofi mliyopiga yawe ya mwisho."

Watu wakapiga makofi kuonyesha wamekubali, na askari wakawakamata wa mstari wa mbele.

*

Majogoo ndio waliotangulia kuhamishwa. Mitetea walibaki kwa masharti ya kutaga bila kutangaza. Mbuzi walivishwa vitambaa mdomoni, wakavila. Mzee wetu mmoja mwenye kikohozi cha miaka mingi alipewa ratiba ya kukohoa, bondeni, pamoja na wenzake kutoka vijiji jirani, na kwa kweli ilimfaa, maana alipata marafiki huko.

Salamu zilileta kazi kidogo. Wizara ilikuwa imeagiza bendera ndogo za mkononi, kila nyumba seti yake. Ya manjano ilikuwa shikamoo, ya bluu marahaba, ya kijani hodi, nyeupe karibu. Tulifundishwa uwanjani siku nzima. Tatizo ni kwamba kwetu mtu hasalimii akapita. Ataulizia nyumbani, watoto, wagonjwa, mvua, ng'ombe, na shemeji aliyesafiri. Kwa bendera, salamu moja ilianza watu wakiwa wanakwenda shamba na kwisha wenzao wakiwa wanarudi. Bi Somoe alivimba bega la kulia, akahamia la kushoto.

Lakini ni ile ya kijani iliyonipa mawazo. Kwetu huingii nyumba ya mtu mpaka umeita hodi na umeitikiwa karibu. Hata awe nani. Babu yangu alisimulia habari za mwizi aliyebisha hodi kwenye nyumba aliyojua haina mtu, akasubiri jibu, akaona haya, akaondoka. Afisa aliyebuni bendera nadhani alikulia ghorofani, mahali watu wanapobonyeza kengele. Hakujiuliza itakuwaje ikiwa aliye ndani ameangalia upande mwingine.

Mimi nilijiuliza. Nikalikalia kimya, kama sheria inavyotaka.

*

Mgeni alifika. Alipitishwa katikati ya kijiji kwa msafara wa magari yanayopiga ving'ora, ili watu wakae mbali na wasiharibu ukimya wake. Jina lake Bi Hedvika, mwanamke wa makamo yangu, mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi. Alipewa kibanda kilichogharimu zaidi ya zahanati yetu, nayo zahanati haijajengwa bado. Ndani hakuna kiti, hakuna saa, hakuna kioo. Wapishi waliletwa kumpikia mvuke. Alikaa barazani peke yake asubuhi mpaka jioni akiwa ameshika magoti, kama mtu aliyefika msibani akakuta wenyewe wametoka.

Wanakijiji hawakuruhusiwa kumsogelea. Tulikuwa na vyeo. Mimi niliteuliwa Bibi wa Mbali. Kazi yangu ilikuwa kupita juu ya tuta asubuhi, nimejitwisha mtungi mtupu, nisigeuze shingo. Mkaguzi alinisahihisha mara kadhaa kwamba nilikuwa natembea kama mtu mwenye anakokwenda.

Nilikuwa nikigeuza shingo. Namwona pale, kila siku amejikunyata hivyo hivyo, nikasema moyoni huyu mama hajala. Mvuke si chakula. Basi nikaanza kuacha kibuyu cha uji wa ulezi juu ya jiwe penye kona ya njia. Kesho yake nilikikuta tupu, kimeoshwa, kimekaushwa, na ndani yake ua la porini. Ua lenyewe ni lile linalonuka, tunalofukuzia kunguni, lakini yeye angejuaje. Nililiweka dirishani.

*

Lori lilikuja siku ileile uchungu ulipomshika Siwatu. Lilikuja likisukumwa na askari, injini imezimwa, maana hata lori linatii sheria. Bi Somoe alikuwa ameshaingia tangu mapema na alikuwa chumbani na Siwatu. Nikafunga pazia la chumba, nikakaa sebuleni kwenye mkeka, mlango wazi kama kawaida ya nyumba ya watu, uso wangu nikaugeuzia ukutani. Pale ukutani pana kalenda.

Kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa kimya, nilisikia kila neno la uani. Ndiyo faida ya sheria nzuri.

"Peperusha tena," dereva alinong'ona.

"Nimepeperusha mpaka bega limekufa," alijibu Bwana Mtengeti. "Bibi anatazama ukuta."

"Kuna nini ukutani?"

"Kalenda."

"Ingia basi, bwana. Mlango si uko wazi?"

"Niingie nyumba ya watu sijaitikiwa? Tena kuna mzazi ndani? Wewe umezaliwa wapi?"

"Hospitali ya mkoa. Haya, ita hodi."

"Niite hodi kwa mdomo, mimi, Mkuu wa Ukimya? Hiki kidude kiunoni kitanishtaki mimi mwenyewe."

"Basi turudi."

"Turudi tukaseme nini? Kwamba tumeshindwa na kalenda?"

Jua lilikuwa limeanza kuwa kali, nami nikamfikiria yule kijana amesimama pale na mwili wake ule. Nikasukuma kigoda kwa mguu mpaka kikatoka mlangoni, macho yangu yakiwa palepale kwenye kalenda. Nikakisikia kikilalamika alipokikalia.

"Hiyo si karibu?" dereva akauliza.

"Hicho ni kigoda. Karibu ni karibu."

Akapiga ripoti wizarani kwa ujumbe wa simu. Wizara yetu ni sikivu, iliitisha kamati hapohapo. Kamati ikachunguza, ikaona kasoro haiko kwenye sheria wala kwenye utaratibu, iko kwenye bendera, ni ndogo. Ikatumwa kubwa. Ililetwa na tarishi wa pikipiki, naye aliisukuma pikipiki kwa mikono tangu mpaka wa Eneo la Ukimya, akafika amelowa jasho kama aliyevuka mto. Bendera yenyewe ilikuwa pana kama shuka la kitanda cha harusi. Askari waliishika huku na huku wakaitandaza mbele ya dirisha langu, na sebule nzima ikawa kijani.

Nikaendelea na kalenda. Ilikuwa ya mwaka wa juzi, lakini ilikuwa na picha ya mbuzi, na yule mbuzi nilimtazama kwa mapenzi yote.

*

Chumbani Siwatu alikuwa ameng'ata upindo wa kanga.

"Lia, mwanangu," Bi Somoe alimwambia. "Uchungu hauvishwi soksi."

"Wakinisikia watanipakia."

"Watampakia nani? Mimi nimekaa hapa na magoti yangu yote. Sukuma."

"Bi Somoe, nisimame?"

"Simama, inama, panda juu ya paa ukitaka. Ila usijibane. Huyu mtoto anasikia kwamba unaogopa, anajiuliza atoke au abaki."

Siwatu akacheka, kicheko kikageuka kitu kingine, na Bi Somoe akasema haya, haya, haya, kama anayemsindikiza mtu kwenye utelezi. Niliacha kuiona ile kalenda. Kisha nikasikia maji, nikasikia mwili mdogo ukipokelewa, nikasubiri.

Hakukuwa na sauti.

Uani walinyamaza. Nyumba za jirani, ambako wanawake walikuwa wamekaa nyuma ya milango wakisikiliza kama mimi, zilinyamaza. Ule ulikuwa ukimya wa daraja la kwanza kabisa, ule ambao watu wanapanda ndege kuufuata. Ningetoa nyumba, ningetoa macho yangu, uondoke. Nilisikia Bi Somoe akisugua, akipuliza, akisugua tena. Nilisikia Siwatu akisema, "Bibi," akiniita mimi.

Ndipo mtoto akalia. Alianza kama mlango unaokwaruza, akakata, kisha akalia kweli, kwa hasira, kama mtu aliyewekwa foleni muda mrefu.

Bi Somoe alipiga kigelegele. Sidhani kama aliamua. Kilimtoka kama chafya. Nyumba ya pili ikaitikia, ya tatu ikaitikia, kikapanda kilimani nyumba kwa nyumba, wanawake waliokuwa wamefungwa midomo msimu mzima wakaachia yote, mbuzi wakajiunga, na bondeni wale wazee wakakohoa nje ya ratiba. Kipima sauti kiunoni mwa Bwana Mtengeti kilipanda, kikapanda, kikatoa moshi, kikafa. Ni hicho tu kilichokufa siku ile.

"Hodi wenye nyumba," nikasikia uani. Kwa mdomo, kwa sauti nzima, sauti ya mtoto aliyefundishwa na mama.

"Karibu, baba," nikasema kabla sijafikiri.

Akavua viatu vyake vya sufi mlangoni, akaingia, akasimama katikati ya sebule akiwa ameshika kofia. Mimi pia nilikuwa nimeinuka. Tukatazamana, na nikaona anakumbuka kazi yake.

"Hongera, Bibi."

"Tumepokea."

"Sasa, Bibi. Sheria inasema mzazi na mtoto..."

"Sheria umeiacha nje na viatu, baba. Wewe umebisha, umeitikiwa, umeshakuwa mtu wa kuja kumwona mzazi. Na wa kuja kumwona mzazi haji mikono mitupu. Umemletea nini mtoto?"

Akajipapasa mifuko. Uso ukamwiva kwa haya. Akatoka mbio, nikasikia mzozo na askari, akarudi na ile bendera kubwa, imekunjwa vizuri. Kilikuwa kitambaa cha pamba safi, laini. Bi Somoe akatoka chumbani na mtoto wa kike, akamzungushia, na mtoto akatulia humo kwenye hodi ya serikali.

"Mnampakia au hampakii?" dereva akauliza kutoka uani.

Bwana Mtengeti alikuwa ananyoosha kidole kwa mtoto, na mtoto amekikamata. Lakini nilijua kidole kitaachiwa. Askari bado walikuwa uani, na lori lilikuwa pale na mlango wake wa nyuma umeteremshwa.

*

"Hodi," ikasema sauti nyingine.

Bi Hedvika alikuwa amesimama kizingitini na ndala za kibandani, matope mpaka magotini. Nyuma yake walikuwa wapishi wa mvuke, wametaharuki. Nikamkaribisha. Aliingia, akanitazama, akanitambua.

"Wewe ni Bibi wa Mbali," akasema. Alijifunza lugha yetu kwenye simu, na maneno yake yalitoka yamepangwa kama matofali. "Mimi nimesikia sauti. Mimi nimekuja kwa miguu yangu."

Bwana Mtengeti aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Madam, wizara inaomba radhi kwa kelele hizi. Hatua kali zinachukuliwa sasa hivi."

"Kelele gani?"

"Hivyo vigelegele. Mtoto amezaliwa."

"Kwa nini siku nyingine hamfanyi?"

"Nyinyi hampendi, Madam. Mnapenda ukimya."

"Nani amesema?"

"Wataalamu."

Bi Hedvika akafikiri. Alikaa kwenye mkeka wangu bila kuombwa, jambo lililonipendeza, akanyoosha mikono, na Bi Somoe akampa mtoto.

"Na mimi wataalamu waliniambia," akasema. "Waliniambia watu wa hadhi yangu sasa wanapenda ukimya. Zamani waliniambia tunapenda mabomba ya dhahabu. Sikutaka kuonekana mshamba." Akamtazama mtoto. "Ukimya ninao nyumbani. Nyumba yangu ina vyumba vingi, na hakuna anayebisha mlango. Nimelipa kuletewa ukimya mwingine."

Nje askari walikuwa wamesimama tayari, lakini huwezi kumpakia mtoto aliyepakatwa na Mgeni Mheshimiwa, wala huwezi kumwambia Mgeni Mheshimiwa aachie. Wakapandisha mlango wa lori. Dereva akachungulia ndani, akatupa hongera, akaomba maji ya kunywa. Siwatu alikuwa anasikia yote kutoka chumbani. Nilipokwenda kumwona nilimkuta amelala usingizi mzito, mdomo wazi, akikoroma kwa nguvu zilizokatazwa.

*

Wizara haikulala. Kabla ya wiki kwisha Mheshimiwa Waziri alikuwa amerudi kijijini. Kwa kuwa kibali cha kufuta Eneo la Ukimya kilikuwa bado kinazunguka maofisini, alituhutubia kwa kunong'ona, na sisi tukapeana maneno yake mstari kwa mstari mpaka nyuma.

"Ndugu wananchi," alinong'ona, "mgeni wa kifahari wa jana alitaka ukimya. Wa leo amechoka na ukimya. Utafiti wa kina uliofanyika hapahapa kwenu umeonyesha kwamba sasa anatamani vigelegele. Nawauliza, ni taifa gani linalozaa kutuzidi?"

Tukapeperusha bendera badala ya kupiga makofi.

Akatangaza kwamba Kambi ya Sauti inavunjwa na mama zetu wote warudishwe, jambo nililolishukuru kwa moyo mweupe, kwani walirudi wamekonda na watoto wao wakinong'ona kwa mazoea. Kila kijiji kitatakiwa kuwa na uzazi angalau kila Ijumaa, mchana, wakati wa kahawa ya wageni. Bi Somoe aliteuliwa Mkurugenzi wa Vigelegele. Aliuliza kama watoto wenyewe wamearifiwa kuhusu Ijumaa, akajibiwa kwamba kamati inalifanyia kazi. Majogoo walirejeshwa pia, ila si wetu. Tuliletewa majogoo wa tarafa nyingine, wanawika adhuhuri.

Bwana Mtengeti alipandishwa cheo, akawa Mkuu wa Makelele. Ni kijana yuleyule, viatu vya sufi vilevile, ila sasa anapita nyumba kwa nyumba akituomba tuangushe sufuria. Kila Jumapili hupitia kumwangalia mtoto. Huita hodi akiwa bado barabarani, asije akakosea.

*

Jambo moja lilisahauliwa katika hayo mageuzi. Walinzi wa kibanda hawakupata barua, kwa hiyo Bi Hedvika alirudishwa barazani kukamilisha ukimya aliolipia.

Nikangoja siku za uzazi zipungue kidogo, Siwatu aanze kutembea, kisha asubuhi moja nikajitanda kanga na kushika njia ya kibandani. Sikupita juu ya tuta. Nilikuwa na ninakokwenda. Mlinzi aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia ni Bibi wa Karibu, cheo kipya, akapiga saluti.

"Hodi," nikaita.

Bi Hedvika akainuka barazani, akanikodolea macho. Nikaita tena. Uso wake ukaingia hofu, kama mwanafunzi aliyeulizwa asichofundishwa.

"Sijui jibu," akasema. "Mimi nilijifunza kubisha. Kwenye simu walinifundisha maneno ya mgeni. Ya mwenyeji waliniambia hayatanihusu."

"Unasema karibu."

"Karibu," akasema. Akalirudia polepole. "Karibu. Karibu ndani."

Nikaingia. Kiti hakuna, tukakaa chini. Alitaka kunipa kitu, akazunguka kile chumba chenye thamani ya zahanati, akakosa hata kikombe, kwa kuwa alikuwa amelipia kukosa. Mwishowe akavua shali yake akanitandikia nikalie, na kwangu ile ilikuwa karamu. Tulizungumza. Aliniuliza jina langu, nikamwambia Sikudhani. Aliniuliza Siwatu anakula nini, nikamwambia mchuzi wa pilipili manga. Aliniuliza mtoto ameitwa nani, nikamwambia bado tunabishana, Bi Somoe anataka jina lake na Bwana Mtengeti analeta ya mama yake. Akacheka. Ana kicheko kikubwa, kama cha mwanamume anayepakua magunia. Mlinzi alichungulia, akaona si kigelegele, hakujua akihesabu kama nini.

Nilipoinuka kuaga, akainuka na yeye. Nilidhani ataishia mlangoni. Akatoka, akapita baraza, akampita mlinzi aliyekuwa anatafuta bendera ya kukataza na hakuna rangi iliyowahi kuwekwa kwa jambo hilo. Tukaenda pamoja mpaka kwenye jiwe la kona, mpaka kwenye tuta, mpaka yakaanza kuonekana mapaa ya nyumba zetu na moshi wa Siwatu anayepika. Nikamwambia inatosha, amenisindikiza, arudi kabla jua halijamchoma.

Alisimama. Alikuwa ameshika upindo wa kanga yangu bila kujijua, kama watoto wanavyofanya.

"Bi Sikudhani," akasema, "kesho njoo tena. Njoo na mtoto. Na akitaka kulia, usimbembeleze upesi."